Ikulu Zisizorithiwa

Usukuma ulikuwa na tawala zaidi ya hamsini, kila moja na mtemi wake, ngoma zake na ikulu yake. Leo mtu akisimama Buswelu, makao ya Manispaa ya Ilemela, akaomba aonyeshwe nyumba moja tu ya mtemi iliyojengwa kabla Wajerumani hawajafika Mwanza, hatapelekwa popote. Huenda akaonyeshwa mawe, mkuyu mkubwa, au mstari wa minyaa uliokuwa ua wa boma na sasa ni mpaka wa shamba la mihogo. Nyumba yenyewe haipo. Maelezo tunayopeana ni yale yale: babu zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi, mchwa wakala, mvua ikamaliza. Maelezo hayo yanatuonea, na hayaelezi lolote.

Karibu na mji wa Congleton, katika jimbo la Cheshire nchini Uingereza, ipo nyumba ya kabaila mmoja wa zamani iitwayo Little Moreton Hall. William Moreton aliianza mwanzoni mwa karne ya 16, enzi ya ukoo wa Tudor uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, na wazao wake waliendelea kuongeza vyumba mpaka karibu 1610. Imezungukwa na handaki la maji. Ndani kuna ua wa kati, na juu kabisa ukumbi mrefu wenye madirisha, ulioongezwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kubeba paa zito la vigae vya mawe. Uzito ule umeipinda nyumba nzima, sakafu zimeinama, nguzo zimelala, lakini haijaanguka. Seremala Richard Dale alichonga jina lake kwenye mbao za madirisha mwaka 1559, na hadi leo linasomeka.

Nyumba hiyo ni ya miti na udongo. Nguzo na mihimili ni ya mti mgumu wa Ulaya. Katikati ya nguzo mafundi walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu yake wakapaka chokaa. Fundi yeyote wa Kayenze au Sangabuye aliyewahi kukandika nyumba angeitambua kazi hiyo kwa kuitazama mara moja. Familia ya Moreton iliimiliki kwa takriban miaka 450. Haikukaa humo muda wote: baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 ilielemewa na madeni, ikahamia kwingine, ikawapangisha wakulima. Hata hivyo haikuiuza wala kuitelekeza, mpaka mwaka 1938 ilipoikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majengo na ardhi za kale nchini humo.

Kwa hiyo fito na udongo vinaweza kufika miaka mia tano, iwapo kila kizazi kina mtu wa kuziba nyufa na kuezeka upya. Mtu huyo hupatikana pale ambapo mtoto anajua tangu utotoni kwamba nyumba ya baba yake itakuwa yake. Huko Uingereza sheria na mila vilimpa mtoto wa kiume wa kwanza nyumba, shamba na jina kwa pamoja. Usukuma ulipanga mambo kwa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo penye sababu ya kutokuwa na majumba ya kutembelea.

Mtemi alipofariki, neno la nani amfuate lilikuwa la banang'oma, wazee wa ukoo wa kitemi na walinzi wa ngoma. Katika tawala nyingi hawakumtazama mwana wa marehemu. Utemi ulipita upande wa mama: ulikwenda kwa mtoto wa dada, mpwa aliyekulia boma jingine, pengine mbali. Watoto wa kuzaliwa na mtemi walipewa vijiji wavisimamie, wakawa banangwa, na hadhi yao iliishia hapo. Huyo mpwa alipotawazwa hakuhamia katika nyumba ya mjomba wake. Alijengewa ikulu mpya mahali pengine, watu wa nchi wakaleta nguzo, fito na nyasi, na ikulu ya zamani ikaachwa na makaburi yake. Mtawala mpya aliondoka na ngoma, kiti, mikuki na mavazi ya utawala, na duara la kombe la baharini ambalo mtemi alivaa kichwani, kombe lililokuwa limesafiri kwa miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ukingo wa Ziwa Nyanza.

Mimi nauona mpangilio huo kuwa wa watu waliofikiri. Uliwanyima watoto wa mtawala nafasi ya kugeuza makao ya nchi kuwa mali ya familia. Ulihamisha ikulu kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine, hivyo vijiji vya pembeni navyo vilipata zamu ya kuwa karibu na baraza. Tena ulimweka mtemi mahali ambapo nchi ingeweza kumfikia, kwa sababu alibeba dhamana kubwa kuliko ya vita au kodi: mvua. Ukame ulipozidi watu hawakumwonea haya. Mtemi aliyeshindwa mvua aliweza kuondolewa, na historia ya tawala nyingi inao watemi walioondoka hivyo.

Wageni wa kwanza walioacha maandishi walizikuta ikulu hizi zikiwa hai, lakini hawakuelewa kwamba zilikuwa za muda. John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akitokea Kazeh, yaani Tabora, ambako alimwacha mwenzake Richard Burton akiugua. Hapa alikaa siku chache tu. Alikutana na Mahaya, mtemi wa mahali hapo, na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Mansur bin Salim, akawahoji juu ya ukubwa wa ziwa, akalipa jina la malkia wake, akageuza. Kutokana na maulizo ya siku hizo alijenga imani kwamba ameona chanzo cha Nili, imani iliyomgombanisha na Burton hadi yeye Speke alipofariki mwaka 1864. Mahaya amebaki jina katika kitabu cha mgeni. Alipokuwa akiketi kusikiliza kesi za watu wake hapana alama wala kibao.

Miaka 17 baadaye, tarehe 27 Februari 1875, Henry Morton Stanley aliingia Kagei, kijiji cha ufukweni ambacho leo kiko Wilaya ya Magu. Mtemi wa hapo, Kaduma, alimpokea. Stanley aliunganisha mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, akaondoka nayo Machi 8 kulizunguka ziwa, akarudi Mei 6. Aliporudi alikuta mmoja wa wenzake Waingereza, Frederick Barker, amefariki na kuzikwa. Kijana huyo wa London anatajwa kila Kagei inapotajwa. Kaduma aliyempa msafara mzima mahali pa kulala, na ambaye bila ridhaa yake safari ile isingeondoka ufukweni, anatajwa kwa nusu sentensi.

Ukoloni ulibadilisha sheria ya nyumba bila kutangaza. Wajerumani walipojenga kituo Mwanza miaka ya 1890 walitaka mtemi anayepatikana sehemu moja inayojulikana. Waingereza wakaenda mbali zaidi. Chini ya Gavana Donald Cameron na sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926, mtemi akawa mtumishi mwenye mshahara, mahakama, karani na hazina. Reli ikafika Mwanza mwaka 1928, na pamoja nayo bati na saruji kwa bei ambayo hazina ya mtemi ingeimudu. Ikulu zikaanza kupata kuta za matofali na vyumba vya pembe nne. Ofisi na mahakama zikazifuata, na jengo la mahakama halihamishwi kila mtemi anapokufa. Wakati huo huo urithi ukageuka. Utawala baada ya utawala, mpwa akaachwa na mwana akachukua nafasi, jambo lililowarahisishia maofisa waliotaka kumsomesha mrithi mapema.

Kizazi kilichotoka humo kilikuwa cha watu wenye upeo mpana. David Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya huko Shinyanga, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945, pamoja na Abdiel Shangali wa Kilimanjaro. Mwaka 1946 tawala za Usukuma ziliunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya, Kwimba. Shirikisho lilijengewa ofisi, lakini halikupata mizizi, kwa sababu wakulima waliliona kama mkono mrefu wa serikali unaowaletea amri za kupunguza ng'ombe na kulima matuta. Kisha uhuru ukaja, na mwaka 1963 serikali ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Ndiyo kusema wana wa watemi walianza kurithi nyumba za baba zao miongo michache tu kabla cheo chenyewe hakijaondolewa. Yale majengo ya matofali, yaliyokuwa na nafasi ya kuwa majumba ya kihistoria, mengi yaligeuka ofisi, mahakama na nyumba za watumishi, au yakabaki mikononi mwa familia zisizo na hazina ya kuyakarabati.

Ukerewe ulifuata njia tofauti, na mtu wa Ilemela anayekitazama kisiwa kile upande wa pili wa maji hana budi kuujua. Ukoo wa Abasilanga ulitawala huko kwa vizazi vingi, na mtawala aliitwa omukama. Lukonge ndiye aliyemkaribisha Stanley mwaka 1875 na kumpatia mitumbwi. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kanisa la Anglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara Songoro na jahazi alilokuwa amelijenga. Songoro naye aliuawa. Mwaka 1895 Wajerumani walimng'oa Lukonge na kumweka Mukaka. Alifuata Ruhumbika, aliyetawala muda mrefu hadi mwaka 1938, kisha Michael Lukumbuzya, ambaye baada ya uhuru aliiwakilisha Tanzania ng'ambo kama balozi. Huko Bukindo, kaskazini ya Nansio, bado lipo jumba la watawala hao wa mwisho, la mtindo wa Kizungu wa enzi ya ukoloni. Ndilo lililo karibu zaidi na Little Moreton Hall katika ziwa lote upande wetu. Linahitaji fedha na mikono, na anayelitembelea huliona hilo kabla hajaingia ndani.

Kisiwa hicho kina pia ghala jingine la kumbukumbu, nalo ni la karatasi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kulelewa karibu na ikulu ya Mukaka, aliandika kwa Kikerewe riwaya kubwa juu ya maisha ya kisiwani, akaikamilisha mwaka 1945. Miaka ikapita bila mchapishaji. Mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Anayetaka kujua jinsi nyumba ilivyojengwa, jinsi mgeni alivyopokelewa na pombe ya ndizi ilivyopikwa, atayapata humo kuliko katika ukuta wowote.

Usukuma, uliokosa jumba, ulipata Bujora. Anayetoka Ilemela hupanda daladala za Kisesa, hupita Buzuruga, Nyakato, na Igoma yalipo makaburi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996, kisha hushuka Kisesa na kupanda kilima chenye mawe kwa barabara ya vumbi. Ni kilomita 20 hivi kutoka mjini. Hapo, katika miaka ya 1950, padre wa Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, alianza kazi ambayo wenzake wengine wasingeithubutu. Wasukuma walimwita Fumbuka. Wakati wamisionari wengi waliona ngoma na vifaa vya utemi kuwa upagani wa kuchomwa moto, yeye aliunda kamati ya wazee na wasomi wa Kisukuma, wakakusanya nyimbo, hadithi, majina ya watawala na vitu vyenyewe. Kanisa lake lilijengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na ndani yake sanaa ya Kisukuma imepewa kazi ya kumtukuza Mungu. Makumbusho yakazaliwa humo mwaka 1968, miaka mitano baada ya utemi kufutwa.

Miaka hiyo mitano ina uzito. Mtemi aliyevuliwa mamlaka alibaki na ngoma nyumbani ambazo hazikuwa mali yake binafsi. Ngoma za utawala ni za nchi, na nchi kama dola ndogo haikuwepo tena. Angezipeleka wapi? Utaratibu wa kale ungezipa ikulu mpya ya mrithi, lakini mrithi hakuwepo. Bujora ikazipokea. Kwa sababu hiyo siwezi kuifikiria kama makumbusho ya kawaida. Naiona kuwa ikulu ya mwisho kujengwa Usukuma, iliyopokea ngoma za watawala wengi kwa mkupuo.

Jengo la watemi ndilo moyo wa uwanja ule. Limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na mtu hulitambua umbo hilo vizuri zaidi akishatoka ndani, baada ya kuviona viti vyenyewe. Mle zimo ngoma, viti, mikuki na mavazi ya utawala wa huku na kule, pamoja na vizazi vya watemi vilivyoorodheshwa. Usipite haraka kwenye ngoma. Tazama ngozi ilivyovutwa na kufungwa, tazama sehemu ya kingo iliyolainika kwa mikono ya wapigaji, kisha muulize anayekuongoza ngoma hiyo ni ya utawala gani na nani aliishika mwisho. Siku niliyokuwa huko, mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi alimwamkia yule mzee aliyetuongoza, kisha akamuuliza: "Shikamoo babu. Na ngoma ya kwetu Ilemela ni ipi?" Mzee aliitikia marahaba, akamshika mkono akamrudisha kwenye orodha za majina, wakaanza kusoma pamoja kutoka juu. Sisi wengine tulisubiri nje kwa muda mrefu, na hakuna aliyelalamika.

Nje kuna boma la Kisukuma lenye nyumba zake, nyumba ya mganga, na nyumba ya mhunzi inayokumbusha Balongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yalilima nchi hii na kuuzwa mbali kabla jembe la kiwandani halijafika. Kuna pia jengo la vyama vya ngoma. Bagika na Bagalu, vyama vilivyotokana na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, bado hushindana kila Juni baada ya mavuno, wakati wa sikukuu ya Bulabo inayoambatana na sherehe ya Ekaristi. Kila upande hucheza wakati mmoja na mwenzake, na umati hukimbilia kule ulikovutwa zaidi. Hapo nyoka hutolewa na majembe hurushwa hewani. Little Moreton Hall ina bustani iliyopandwa upya miaka ya 1970 kwa kufuata michoro ya karne ya 17, na ni nzuri. Bujora haijahitaji kupanda upya mashindano haya, kwa kuwa hayajawahi kukatika.

Siku ya 8 Septemba 2021 machifu walikusanyika hapo Kisesa katika tamasha la utamaduni na kumsimika Rais Samia Suluhu Hassan kuwa Chifu Hangaya. Kulikuwa na shamrashamra kubwa, na nchi nzima ikaona kwamba kiti kilichoondolewa mamlaka mwaka 1963 bado kina heshima mbele ya watu. Heshima ya siku moja, hata hivyo, haiezeki paa la makumbusho. Vitu vya mbao na ngozi huliwa na mchwa na unyevu hata vikiwa vitakatifu, na Bujora imebeba mzigo huo kwa viingilio vya wageni, misaada na moyo wa wachache. Halmashauri za mkoa zinazopeleka wageni wake kupiga picha huko zingeweka pia fungu katika bajeti zao kila mwaka, hata kama ni dogo.

Kwa Ilemela liko jambo la haraka zaidi. Kiseke imejaa nyumba. Nyamhongolo kumejengwa stendi ya mabasi, na viwanja vinaendelea kupimwa kuelekea Buswelu na Sangabuye. Kila mahali palipokuwa na ikulu iliyoachwa ni kiwanja cha mtu kesho, na minyaa ile ya kuizunguka hung'olewa kwa asubuhi moja. Simlaumu anayejenga, ana watoto wa kulaza. Ninachoomba ni kwamba kabla bikoni haijapigwa, mpimaji aende na mzee wa mtaa na mtu mmoja kutoka Bujora mwenye orodha ya watemi, waandike kwenye ramani ya mtaa: hapa palikuwa ikulu ya fulani, na kaburi lake liko kando ya jiwe lile. Pakibaki hatua chache za mraba kuzunguka kaburi, zitoshe kusimama darasa moja la watoto, na jina lichorwe kwenye jiwe. Wazee wanaoweza kuonyesha kwa kidole sasa ni wachache, na wengi wao hawawezi tena kupanda kilima, kwa hiyo gari la manispaa liwafuate nyumbani mwaka huu.